Kikao cha Bega Langu

Bega langu la kulia liligoma siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimenyoosha mkono kuchukua jalada kwenye rafu ya juu ya masjala. Sikuanguka, sikugongwa, sikubeba kitu kizito. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba, la mtumishi aliyewahi kuomba likizo mara moja tu katika utumishi wake wote. Mkono ulifika nusu ya safari, kitu kikauma kama msumari unaopigwa kwa ndani, na mkono ukabaki pale pale hewani, usawa wa kidevu. Mwenzangu wa meza ya pili alidhani namsalimia mtu dirishani. Akageuka, naye akapunga.

Kwa miezi mitatu nililibembeleza. Nilipaka dawa za kuchua, nilimeza vidonge, nilifanya mazoezi niliyopewa zahanati kwa bidii ile ile ambayo mtumishi hufanyia kazi isiyo na tarehe ya mwisho. Nilijifunza kuchana nywele kwa mkono wa kushoto na kuvaa blauzi kwa kuanzia na upande mgonjwa. Salamu ndizo zilinishinda. Mtu mzima anakupa mkono, huwezi kumpa wa kushoto, na wa kulia hauendi. Kwa hiyo niliutoa wangu kiunoni, kiwiko kimebana ubavu, na wenye heshima zao walilazimika kuinama kuufuata. Ofisini kukaanza kusemwa kwamba nimekuwa na majivuno.

Hayo yote ningeyavumilia. Ambalo sikuweza kulivumilia lilikuwa nyumbani.

Ninaishi Nzuguni na mama yangu. Miaka minne iliyopita alianguka bafuni, na tangu hapo alisema miguu yake imeisha. Kila asubuhi nilimwinua: napitisha mikono chini ya makwapa yake, yeye ananishika shingo, tunahesabu pamoja, namhamishia kwenye kiti, namsogeza barazani apate jua kabla sijapanda basi la watumishi kwenda Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Mchana jirani yetu mjane anakuja kumpashia chakula na kugombana naye, lakini jirani mwenyewe ana mgongo wake, kuinua mtu hawezi. Jioni namrudisha sebuleni, mbele ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo mama anaifuatilia kana kwamba wale wote ni ukoo wetu na kuna mirathi atatajwa.

Kwa mkono mmoja sikuweza kumwinua vizuri. Nilijaribu kwa kutumia mkono wa kushoto na nyonga. Asubuhi moja tuliangukia kitandani wote wawili, mimi juu yake, na mama akanieleza kwa utulivu kwamba yeye si gunia la mtama.

Habari hiyo ikamfikia kaka. Kaka yangu mkubwa alistaafu akiwa mkurugenzi msaidizi na akarudi Kibakwe kulima, lakini cheo hakikustaafu naye. Alipiga simu akasema jambo ambalo, nikiwa mkweli, lilikuwa na akili: kama siwezi kumwinua mama, mama atahamia kwake. Ana nyumba kubwa, ana mke mwenye nguvu, ana hewa safi ya milimani. Mama hakutaka kabisa. Kibakwe kuna baridi, na televisheni ya kaka huonyesha taarifa ya habari tangu mwanzo hadi mwisho, huku kaka akimjibu msomaji. Mimi pia sikutaka. Tumekaa pamoja miaka kumi na moja, mama na mimi, na nyumba isiyokuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nimechelewa ningeiona kama ofisi siku ya sikukuu.

Basi ilikuwa lazima bega lipone, na lipone mapema.

Nikaenda hospitali kubwa. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mpole. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akanipiga eksirei, kisha akaitundika picha kwenye taa. Juu ya mfupa wa bega kulikuwa na alama nyeupe kama harage. Alisema hiyo ni chokaa, imejijenga ndani ya kano inayoinua mkono, na kila ninapoinua, harage hilo linabanwa na mfupa ulio juu yake. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema kwa hakika kabisa haijulikani, ila haitokani na maji ya kunywa wala na chakula. Wengi hupona kwa dawa na mazoezi, na mara nyingine mwili wenyewe huiyeyusha. Ya kwangu ilikuwa imekataa kwa miezi mitatu.

Njia zilizobaki, alisema, kwangu zilikuwa mbili. Kuna mashine ya mawimbi inayogonga chokaa kutoka nje, lakini kwake haikuwapo, kwa hiyo hakutaka kunitamanisha. Ya kwanza ilikuwa sindano: unatiwa ganzi begani tu, daktari anaangalia kwa altrasaundi, anaingiza sindano ndani ya chokaa, anasukuma maji ya chumvi na kuyavuta tena mpaka yatoke na chokaa, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa upasuaji wa matundu: unalazwa nusu kaputi, wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera na vyombo, wanaikwangua chokaa wakiiona kwa macho. Baada ya hapo mkono unaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, halafu mazoezi ya miezi. Akaniambia nikafikirie.

Kufikiri kwangu ni kuandika. Miaka ishirini na sita ya masjala imenifundisha kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika Sindano, kulia nikaandika Kisu, na wiki iliyofuata, nilipoitwa kuchukua vipimo vya damu, nikakaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa na kuanza kuhoji watu.

Wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea kutoka Chang'ombe ya hapa mjini, aliyetobolewa kwa sindano. Alisema siku tatu za mwanzo alimchukia daktari, wiki ya tatu akamsamehe, na sasa anafunga mageti kama zamani. Aliinua mkono kunionyesha. Ulifika juu, ukashuka kwa uangalifu kidogo kuliko alivyotaka nione. Nikaandika. Wa pili alikuwa mama mwenye duka, aliyepasuliwa baada ya sindano mbili kushindwa. Alikaa na kitambaa shingoni wiki kadhaa, mtoto wa dada yake akimfunga hata lemba, na mwezi wa tano ndipo alipoanika nguo mwenyewe. Lakini tangu hapo, akasema, bega hajalisikia tena, amelisahau. Neno amelisahau nililipigia mstari. Wa tatu alieleza kwa ufasaha kuliko wote. Alichambua ganzi, alichambua nusu kaputi, alilinganisha maumivu, nikajaza kurasa mbili. Nilipomuuliza lake lilikuwa bega lipi, akasema yeye ni mzima, amemsindikiza shemeji yake mwenye ngiri.

Nyumbani maoni ya daktari kuhusu chanzo hayakukubaliwa. Wifi yangu, mke wa kaka, aliandika kwenye kundi la familia la simu kwamba ni maji ya Nzuguni, akataka nipige picha ndani ya birika langu la umeme. Nikapiga. Kuta zote zilikuwa na ukoko mweupe, kama birika la kila mtu upande wetu wa mji. Akaizungushia duara nyekundu picha hiyo, akaiweka pembeni ya eksirei yangu, na watu kumi wakajibu kwa mikono inayoomba. Dawa yake ilifuata: birika husafishwa kwa limao, kwa hiyo na mimi ninywe limao. Nilikunywa siku tano. Birika lilipona. Mama yeye aliamua tatizo ni maziwa, maana alisikia chokaa na maziwa vina uhusiano, na kuanzia Jumatatu iliyofuata akawa anakunywa kikombe chake na changu, kwa ajili yangu.

Kisha kaka akaitisha kikao.

Lazima nieleze. Familia yetu ni ya watumishi wa umma wa vizazi viwili, na hatuna namna nyingine ya kuamua jambo. Kaka ni mwenyekiti, mimi ni katibu, na hata harusi zetu zina yatokanayo. Tulikutana sebuleni kwangu Jumapili baada ya ibada, wajumbe kumi na wawili pamoja na mama. Ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili mbuzi aliyebaki kutoka kikao kilichopita, ya tatu bega, ya nne mengineyo. Mbuzi alichukua dakika arobaini.

Nilisoma daftari langu, safu zote mbili, bila kuegemea upande. Nilieleza kwamba njia zote mbili huleta nafuu kwa walio wengi, kwamba sindano ni ndogo na ya haraka lakini huenda isitoe chokaa yote, kwamba kisu hutoa zaidi lakini hudai miezi. Nilidhani nimeeleza vizuri. Kaka akanishukuru, akasimama, akapandisha mguu wa suruali.

Goti la kaka lilipasuliwa miaka sita iliyopita, na hakuna mgeni aliyeingia nyumba yoyote ya ukoo wetu bila kuonyeshwa kovu lake. Alilizungusha mbele ya wajumbe kwa zamu, kama anayepitisha karatasi ya mahudhurio. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kilichoingia mwilini kinatolewa chote, na huwezi kumtoa mpangaji sugu kwa kumchungulia kwenye tundu la ufunguo.

Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi Kondoa na alikuja kwa kikao hicho tu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, lako lilikuwa goti," alisema. "Na bomba likiziba hatubomoi nyumba."

"Fundi mzuri anabomoa ukuta mmoja."

"Na mwenye nyumba analala wapi wakati huo?"

Hapo ndipo mama, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake, alipoomba nafasi. Alisema amesikia bega, amesikia goti, amesikia nyumba, hajasikia mtu akiuliza yeye atakaa wapi. Kaka akamweleza kwa sauti ya upole anayoitumia kwa wazee na kwa wakaguzi: mimi nikipasuliwa, mama atakwenda Kibakwe mpaka nipone, na akizoea, basi, atabaki.

"Kibakwe naijua," mama alisema. "Nilizaliwa huko, nikaondoka kwa makusudi."

Tukapiga kura. Hapa naomba radhi kwa kanuni, kwa sababu niliiandika mimi. Miaka kadhaa nyuma, tulipokuwa tunachagua ukumbi wa harusi, mjomba mmoja aliinua mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na paja la kuku, na binamu aliyekuwa anarekebisha kilemba naye akahesabiwa. Ukumbi ulipita kwa kura hizo mbili, na ugomvi wake haujaisha. Kwa hiyo niliandaa mwongozo: mkono wa kulia, uliofunguliwa, juu ya kichwa, mpaka katibu amalize kuhesabu.

Waliotaka kisu walikuwa watano. Waliotaka sindano walikuwa watano, mama akiwamo, akiwa ameinua mkono mapema kabla swali halijaisha. Mwenyekiti hakuwa amepiga. Nilibaki mimi. Nikainua wangu kuelekea sindano kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikang'ata meno, ukafika kwenye kidevu.

Kaka aliutazama kwa muda. Akamwomba katibu asome mwongozo. Katibu nikasoma. Nimewahi kusoma kwa sauti nyaraka nyingi ambazo hazikunifurahisha, lakini hii ilikuwa na saini yangu. Nikasema kwamba mkono haufiki juu kwa sababu ya ajenda yenyewe. Kaka akasema analielewa hilo na analihurumia, ila tukianza kuhesabu mikono ya kidevuni, kesho tutahesabu ya kifuani. Kura yangu ikaharibika, pande zikawa sawa, na mwenyekiti akatumia kura yake ya uamuzi. Bega langu litapasuliwa, mama atahamia Kibakwe mwisho wa mwezi. Mdogo wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikaandika azimio kwa mwandiko mzuri, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na chini nikaweka kama kaka alivyoelekeza: Nakala, Daktari.

Nikampelekea. Najua mtu mwingine angeiacha nyumbani, lakini nakala ikishaandikwa kwamba imepelekwa, mimi siwezi kuishi nayo kwenye mkoba. Daktari alisoma kurasa zote mbili bila kutabasamu, pamoja na mbuzi. Alirudi nyuma mara moja kuhakikisha jambo fulani.

"Mama, wewe ulipigia nini?"

"Sindano."

"Na imeandikwa imeharibika."

"Haikufika juu ya kichwa."

Aliangalia eksirei, akaangalia muhtasari. Kisha akachukua kalamu na, pembeni ya ukurasa, kwa mteremko ule ule ambao wakubwa wetu huandikia kwenye majalada, akaandika: Nimeona. Bega ni la mgonjwa. Mgonjwa aamue. Akaweka saini na tarehe. Sijui kama alikuwa anatania. Kwangu mimi, niliyeishi maisha yote kwa maandishi ya pembeni, yale yalikuwa maelekezo kutoka juu.

Akaniuliza bega nalitakia nini hasa. Nikamwambia kuhusu mama. Alisema basi atajibu kwa ajili ya hilo. Kwa kawaida huanza na kidogo: sindano ikishindwa, upasuaji bado upo, unangoja; ukianza na upasuaji huwezi kurudi nyuma ukajaribu sindano. Nikipasuliwa, kuinua mtu mzima ni baada ya miezi. Nikitobolewa, huenda ni baada ya wiki kadhaa, kwa hatua, kama bega litakubali. Lakini nisidhani ni muujiza. Siku za mwanzo zitauma kuliko sasa, chokaa huenda isitoke yote, na mazoezi safari hii niyafanye kweli. Aliposema hilo alinitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba alishakutana na watumishi wengine.

Nikasema sindano. Nililisema huku nikiwa nimeshika kiti, kwa sababu lilikuwa azimio la kwanza maishani mwangu lisilokuwa na mwenyekiti.

Nilitobolewa wiki iliyofuata, mdogo wangu akiwa amekaa pembeni na mkoba wangu magotini. Ganzi iliuma kama ganzi. Baada ya hapo nilihisi kusukumwa tu, kama mtu anayejaribu mlango kwa bega lake kutoka ndani ya bega langu. Kwenye kioo cha altrasaundi niliiona chokaa, nyeupe na imara kama mkubwa wa idara, na sindano ikiingia kama mstari mwembamba. Daktari alisukuma maji, akayavuta, akasukuma, akayavuta. Bomba la sindano likaanza kujaa kitu kama maji ya kuoshea mchele. Niliomba nilione. Aliliinua kwenye mwanga, tukangoja, na taratibu unga mweupe ukashuka chini na kutulia. Usingejaza hata kijiko cha chai. Nilijisikia aibu kidogo, kwamba kitu cha kiasi kile kilinifanya nionekane mwenye majivuno ofisi nzima.

Siku tatu zilizofuata fundi wa Chang'ombe alithibitishwa neno kwa neno. Niliketi kwenye kochi, bega limevimba na lina joto, barafu juu yake, nikimchukia daktari kwa utaratibu. Kaka alipiga simu siku ya pili. Nilimsomea maandishi ya pembeni. Alisema anamheshimu daktari, lakini daktari si mjumbe. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, akatoa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha atakuja na gari. Kama naweza kumwinua mama mbele yake, peke yangu, kutoka kwenye kiti, mama atabaki. Kama siwezi, mama anaondoka siku hiyo, na mimi nakwenda kwenye kisu.

Mdogo wangu alichukua likizo, akahamia kwangu, akawa anamwinua mama. Mimi nilifanya mazoezi. Unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama buibui mvivu, unaweka alama ya penseli vilipofika, na tarehe. Wiki ya kwanza alama zilijazana usawa wa kidevu. Ya pili zikafika puani. Ya tatu mkono ulipitisha kitana nyuma ya kichwa, nikakaa chini nikalia kidogo, na mama akauliza kama nimejichoma. Mwisho wa wiki ya nne nilifika juu ya paji la uso. Maumivu yaliyobaki yalikuwa madogo, ya kunikumbusha tu. Lakini kuinua kitu kizito sikuwa nimejaribu zaidi ya ndoo nusu, na mama, baada ya mwezi wa vikombe viwili vya maziwa, hakuwa amepungua.

Kaka alifika Jumamosi saa tano. Wifi alikuwa amebeba sweta jipya la mama, na kiti cha mbele cha gari kilikuwa tayari kimewekwa mito. Walikunywa chai. Kaka akaulizia chokaa, nikamwonyesha alama za ukutani, akazisoma zote akiwa amefunga mikono nyuma. Kisha akaketi, akasema tuendelee.

Mdogo wangu alisogea pembeni. Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kanga imemfunika mpaka sakafuni, uso wake hauna habari yoyote. Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake. Nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa mtihani. Nilipanga nitumie miguu, nisitumie bega, kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi, tukahesabu, nikainua.

Mama akaja juu kama nguo kutoka kwenye kamba.

Nilikaribia kuanguka nyuma kwa wepesi wake. Mikononi mwangu hakukuwa na uzito, kulikuwa na mama tu, amesimama. Nilihisi mgongo wake umenyooka na mapaja yake yanatetemeka dhidi ya yangu, yakifanya kazi. Alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, miguu iliyoisha miaka minne, na wakati huo huo akigumia sikioni mwangu kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia.

"Taratibu, mwanangu. Nguvu zako zitanivunja."

Kaka alisogea mbele kwenye kochi. Nikamgeuza mama nusu duara, nikamkalisha kwenye kiti cha pili, naye akapumua kama aliyebebwa kutoka Mpwapwa. Nilimwona wifi akitazama pindo la kanga, pale lilipogusa sakafu. Alitazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akatazama chai yake.

Kaka aliinuka, akanishika bega lile lile, kwa uangalifu, akasema amekubali. Sindano imefanya kazi, na hata yeye siku zile wangempa sindano angeifikiria. Alimega andazi la mwisho, akamwambia mama atakuja tena sikukuu, na akaniagiza matokeo yaingizwe kwenye kumbukumbu. Niliyaingiza. Niliandika kwamba mama aliinuka, ambalo ni kweli.

Gari lilipoondoka nilimkalia mama mbele.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Miguu."

Alisema nimemzibia televisheni. Sikusogea. Mdogo wangu naye akaja akasimama pembeni yangu na kufunga mikono, na mama, akiona wauguzi na makatibu wamemzunguka, akasema kwamba miguu inakuja na kwenda, mwaka huu imekuja zaidi, na kwamba hakutaja kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nilimkumbusha kwamba nimembeba miaka minne. Akasema anajua, alikuwepo. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo si yake, akasema ile ndiyo dakika ya siku ambayo mtu humshika.

Hilo sikuliandika popote mpaka leo.

Nilirudi kliniki baada ya mwezi mwingine. Picha ilionyesha lile harage limebaki punje, na daktari akasema punje hiyo tutaiangalia tu. Ikisumbua tutarudia sindano, na ikisumbua tena, kisu kipo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba safu ya kushoto ya daftari ilishinda ile ya kulia. Yule mama mwenye duka analisahau bega lake, mimi langu bado nalikumbuka siku za baridi. Nilichopata ni miezi, na miezi ndiyo niliyoihitaji. Daktari akaniuliza kama nimefanikiwa kumwinua mama. Nikasema aliinuka. Akaandika kitu kwenye jalada, sikuona nini.

Bado namwinua asubuhi, kwa uzito wake wote, maana hapunguzi hata kilo pasipokuwa na mashahidi. Akishasimama hatukai tena kwenye kiti moja kwa moja. Anashika mkono wangu wa kulia na tunatembea, kutoka barazani hadi getini, hatua thelathini na mbili kwenda, akisimama katikati kulalamika. Kwa wote wawili ni mazoezi. Juzi tulikuwa tumebakiza hatua nne, gari likapunguza mwendo barabarani kwa sauti inayofanana na ya gari la kaka. Mama aliachia mkono wangu, akajikusanya, akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akaweka mikono magotini na kuniambia nisimame mbele yake kama mtu ambaye ndiyo kwanza amemshusha.